Nilinenepa mwaka ambao sikuwa na mshahara

Sketi yangu ya bluu ya kazini ina zipu ubavuni, upande wa kushoto. Jumatatu ya tarehe 29 Juni 2020, alfajiri ya saa kumi na moja na nusu, zipu hiyo ilipanda hadi nusu ikagoma. Nikajilaza chali kitandani kama tulivyokuwa tukifanya na jinzi enzi za usichana, nikabana tumbo, nikavuta. Ikapanda kidogo, halafu nikasikia ule mlio wa meno kuachana, ikafunguka kuanzia chini. Mume wangu alifungua jicho moja, akanitazama, akalifunga. Mtu mwenye busara. Nikatafuta pini mbili, nikabana, nikashusha sweta refu juu yake, nikatoka kwenda kufungua shule baada ya siku 104 za kukaa nyumbani.

Ninafundisha Hisabati darasa la tano na la sita kwenye shule moja binafsi hapa Mbeya. Watu wakisikia nasema korona ndiyo iliyoninenepesha, huwa wananishangaa: mbona Tanzania hatukufungiwa? Ni kweli, hatukufungiwa kama wenzetu wa Rwanda na Uganda. Soko la Mwanjelwa lilikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi, daladala zilitembea, ila tu abiria wote waliambiwa wakae, ile tuliyoiita leveli siti. Hakuna askari aliyekuja kunizuia mlangoni kwangu. Ila siku 104 zangu zilikuwa za kufungiwa, na mlinzi nilikuwa mimi mwenyewe.

Jumatatu ya tarehe 16 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, aliyekuwa Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule kwa siku 30. Watoto walishangilia hadi madirisha yakatetemeka. Sisi walimu tulishangilia pia, ila kimoyomoyo. Siku 30! Nilipanga kufua mapazia, kulala, kumalizia kitambaa nilichoanza kufuma mwaka juzi. Mapazia sikuyafua.

Kabla ya hapo siku yangu ilikuwa hivi. Kutoka nyumbani Ilomba napanda daladala, nashuka Mafiati, halafu napanda mlima kwa miguu kama dakika 35 hadi shuleni. Bajaji ipo, shilingi 500, lakini 500 asubuhi na 500 jioni kwa mshahara wangu ni pesa inayoonekana. Kwa hiyo nilipanda kwa miguu na kushuka kwa miguu, na wala sikuwahi kuita mazoezi. Niliita kubana nauli. Ukishafika, unasimama ubaoni vipindi sita, unazunguka kati ya madawati, unapanda ngazi za ofisini, unawafukuza wa darasa la kwanza kwenye matope. Kula ni kwa kengele. Saa nne chai na kiporo au mhogo, saa saba na nusu ugali na maharage, basi. Hata ukiwa na njaa saa tano, unaivumilia maana uko mbele ya watoto 40.

Niliyajua haya baada ya kuyapoteza. Shule ilipofungwa, wengi tulidhani tumepumzishwa kazi tu. Kumbe tumevuliwa mlima na kengele, vyote viwili kwa siku moja.

Aprili mwajiri alitulipa nusu mshahara. Mei hakuna, Juni hakuna. Simlaumu sana, wazazi hawakuwa wanalipa ada na yeye hana kiwanda cha kuchapa noti, ingawa ningependa angetuambia mapema badala ya kuacha kupokea simu. Mume wangu anaendesha lori la mizigo njia ya Tunduma. Mwezi Mei Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, malori yakajipanga foleni, naye alikuwa ndani ya foleni hiyo. Anapiga simu jioni ananiambia, "Mama, hapa tunalala tu kwenye gari." Mizigo ikapungua, tajiri wake akapaki lori, baba akarudi nyumbani na begi lake.

Ndipo nikaanza maandazi.

Hii sehemu naieleza kwa kirefu kwa sababu ndipo mwili wangu ulipoharibikia, na ninajua kuna kina mama wengi walioanzisha vibiashara vya chakula mwaka ule wakapitia palepale. Nilikuwa naamka saa kumi usiku. Mbeya iko juu karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mei na Juni baridi ya alfajiri inakung'ata masikio. Nawasha jiko la mkaa, naweka karai, na lile joto la karai ndiyo raha pekee ya saa ile. Kilo 2 za unga zilinipa maandazi 60 ya shilingi 100. Ukitoa unga, sukari, hamira, iliki, mafuta na mkaa, nilibaki na kama 1,600.

Sasa katika maandazi 60 kuna ambayo hayauziki. Moja limepasuka, lingine limeungua upande, mengine mawili yameshikana kama mapacha. Huwezi kumpa mteja. Kuyatupa ni dhambi, maana unga umenunuliwa kwa pesa ya kuungaunga. Unafanyaje? Unakula. La kwanza la kuonja kama hamira imekubali. La pili kwa chai ya kuondoa baridi. La tatu ni lile lililopasuka. La nne saa mbili, biashara imeisha na ndoo ina lile la mwisho ambalo hakuna aliyelichukua. Sikuwahi kukaa mezani nikala maandazi manne. Nilikula moja mara nne, na kila moja lilikuwa na sababu yake.

Halafu chai. Huku nyanda za juu chai si kinywaji, ni blanketi. Nilikuwa nakunywa vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Vijiko 15. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4, kwa hiyo gramu 60 za sukari kabla sijagusa chakula. Mwalimu wa Hisabati, na sikuwahi kuzidisha!

Mchana hakuna cha kufanya. Watoto wangu wawili wako mbele ya runinga, wanalala saa sita usiku, wanaamka saa tatu. Nami nikishamaliza maandazi nakaa nao. Mahindi ya kuchoma yanapita, nanunua. Viazi vya kukaanga vya jirani vinanukia, natuma mtoto. Saa nane mchana tunakula, saa kumi na mbili tunakula tena kwa sababu giza limeingia na baridi limerudi. Sikuwa na njaa hata siku moja, na sikuwahi kushiba. Pale ambapo kengele ingelia, mimi nilisikia kimya, na kimya nikakijaza chakula.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu kutoka Uganda tuliyekuwa tunafundisha naye, alikuwa amerudi kwao kabla mambo hayajakaza, akanasa huko. Kule walifungwa kweli; hata magari binafsi yalipigwa marufuku. Mwezi Aprili akanitumia ile video ya Rais Museveni, mzee wa miaka 75 wakati ule, akifanya mazoezi ndani ya ofisi yake, miguu peku, anakimbia kwenye zulia huku na huku kisha anapiga pushapu 30, kuwaonyesha wananchi kwamba unaweza kujinyoosha bila kutoka nje. Niliitazama video ile mara mbili huku nimeshika andazi mkononi. Nikacheka, nikamtumia dada yangu.

Huyo mwalimu naye, tulipokutana baadaye, alikuwa amekonda. Chumba kimoja, hela hakuna, mlo mmoja. Mume wangu vilevile alipungua. Alipoona nyumbani kunambana, alikwenda Tukuyu kumsaidia mama yangu shambani, akalima wiki sita, akarudi mashavu yameingia ndani. Mama yangu mwenyewe hakubadilika hata nukta. Ana kashamba ka chai, na majani ya chai yakifikia kuchumwa hayasubiri tangazo la mtu. Nilipompigia kumuuliza anaendeleaje na hali hii, aliniitikia "Ndaga" yake ndefu ya Kinyakyusa, akasema, "Chai haijui korona, mwanangu." Kwa hiyo mtu akikuambia korona ilinenepesha watu, mwulize ni watu gani. Familia moja, mwaka mmoja, mmoja kanenepa, mwingine kakonda, mwingine kabaki alivyo. Aliyebaki alivyo ni yule ambaye siku yake haikuguswa.

Mbona sikuona? Kwa sababu ya dera. Dera halina zipu, halina mkanda, linakupokea ulivyo. Miezi mitatu na nusu nilivaa madera manne kwa zamu. Mizani sina. Kioo changu ni kile kidogo cha kupakia mafuta, kinaonyesha uso tu.

Na pia kwa sababu ya majirani. "Mwalimu, umependeza!" "Mama, umenawiri, baba anakutunza." Mama mmoja wa genge aliniambia waziwazi, "Wenzako tunalia, wewe pesa iko." Siku hiyo nilikuwa nimekuja kumwomba nyanya za mkopo. Nikatabasamu, nikasema Mungu ni mwema. Kwetu mtu akikonda anaulizwa ana nini. Akinenepa anapongezwa. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili, na mtaa mzima unadhani nimeokota mfuko wa hela. Tena nitasema ukweli: nilipenda. Katika kipindi ambacho kila kitu kinakwenda kombo, kusikia umenawiri ni faraja.

Basi, siku ile ya pini mbili. Nilishuka Mafiati nikaanza kupanda. Kabla ya hapo njia ile nilikuwa napanda huku nasahihisha madaftari kichwani. Siku hiyo nilisimama mara tatu. Ya tatu nilishika nguzo ya umeme na kujifanya naangalia simu. Jasho la baridi, moyo unapiga masikioni. Bodaboda akapunguza mwendo, "Twende mama?" Nikapanda. Shilingi 1,000. Shuleni tulipimwa joto getini, tukanawa kwenye ndoo za maji tiririka, na kijana mmoja wa darasa la sita, barakoa imeshuka kidevuni, akanisalimia, "Shikamoo Madam." Nikaitika marahaba. Akaniangalia toka juu hadi chini, akasema kwa heshima zote, "Madam, korona imekupenda."

Jioni nilipita Mwanjelwa kwa yule mzee anayekaa na mizani pembeni ya njia, pima uzito shilingi 200. Kilo 78. Kadi yangu ya kliniki ya mwaka uliotangulia ilisema 69. Nikamwambia mzee mizani yake mbovu. Akapanda yeye mwenyewe, akanionyesha, "Mimi 58, jana 58, juzi 58." Nikamwachia chenji yake.

Usiku nikafanya hesabu ambazo ningepaswa kuzifanya Aprili. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9. Gramu 1 ya unga mkavu au sukari ni kama 4. Andazi langu moja, na mafuta liliyoyanywa, ni karibu kalori 200. Manne ni 800. Tuseme ziada yangu ya siku ilikuwa 700 tu. Mara siku 104 unapata 72,800. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Gawanya. Jibu ni 9 na ushee. Mwili wa binadamu haufanyi kazi kama mashine ya hesabu, hilo najua, lakini jibu lile lilinifunga mdomo. Na ule mlima: dakika 35 kupanda, 25 kushuka, siku tano, ni dakika 300 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mwendo wa kumtoa jasho. Yaani kubana kwangu nauli kulikuwa kunanipa dozi kamili, na mimi nilikuwa naona aibu kwamba sina hela ya bajaji.

Kipimo kingine ambacho unaweza kukifanya wewe mwenyewe: gawanya kilo zako kwa urefu wako kwa mita ukiuzidisha kwa wenyewe. Mimi nina mita 1.60, kwa hiyo 1.60 mara 1.60 ni 2.56. 78 gawanya kwa 2.56 ni 30.5. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Nikarudi kwenye zile 69 za zamani: 27. Kumbe hata kabla ya korona nilikuwa nimeshavuka mstari, ila zipu ilikuwa bado inaninyamazia.

Nilipaswa kwenda kupima presha siku ileile. Sikwenda. Hospitali mwaka ule tulikuwa tunaiogopa, unaona kama ukiingia na kichwa utatoka na kifua. Nilikwenda Agosti, baada ya kuumwa kisogo wiki nzima. Muuguzi alinikalisha dakika tano, miguu chini, akaniuliza kama nimekunywa chai. Akapima: 152 kwa 96. Akasema tusihukumu kwa mara moja, nirudi. Niliporudi ilikuwa 148 kwa 94. Mstari ni 140 kwa 90. Daktari akanipa miezi mitatu ya kurekebisha maisha kabla ya kuamua habari ya vidonge, akaniambia chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, hiyo ikiwa ni pamoja na iliyomo kwenye mkate na kwenye vile viungo vya pakiti. Huo ulikuwa uamuzi wake kwa hali yangu. Kama wewe umeshaandikiwa vidonge vya presha, tafadhali usiviache kwa kusoma habari zangu.

Ungedhani baada ya hapo nilikuwa na akili. Hapana. Nilikuwa na haraka.

Kwanza nilianza limau na tangawizi tumboni kukiwa kutupu, kwa sababu mwaka ule limau na tangawizi vilikuwa dawa ya kila kitu. Wiki mbili nikapata kiungulia cha kuniamsha usiku. Halafu nikaacha ugali kabisa, nikala ndizi na viazi, nikijisifu. Ndizi za Tukuyu sufuria nzima, viazi vya Njombe vya kukaanga. Wanga nimeuhamisha nyumba tu. Kisha nyungu. Tulikuwa tunajifukiza kwa ajili ya korona, nikagundua nikitoka kwenye blanketi na kwenda kwa mzee wa mizani nimepungua kilo nzima. Nikafanya kila siku. Ni maji tu yanayotoka, ukinywa bilauri tatu yamerudi. Tena siku moja sufuria iliyumba nikaungua paja, alama ninayo mpaka leo.

Na kosa la bei: unga wa kupunguza tumbo, shilingi 35,000, kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa anapita maofisini. Kopo halina jina la kiwanda wala orodha ya kilichomo. Nilihara siku nne, nilifundisha kipindi cha hesabu za sehemu nikiwa karibu na mlango. Nikapungua kilo 3, nikashangilia, na wiki iliyofuata zote zikarudi. Zile 35,000 zilikuwa faida ya maandazi ya wiki tatu. Nasikia uchungu hata nikiandika.

Kilichofanya kazi kilikuja kwa njia ya kipuuzi. Septemba nilikuwa nimepewa zamu ya kengele shuleni. Nagonga kile chuma cha gurudumu saa nne, nakwenda chai. Nagonga saa saba na nusu, nakwenda kula. Ijumaa nikagundua wiki nzima nimekula vizuri bila kujilazimisha, ila Jumamosi na Jumapili nimekula mfululizo kama mtu anayeaga. Nikachukua simu, nikaweka kengele za saa nne, saa saba na nusu, na saa moja jioni, za kila siku pamoja na wikiendi. Ikilia, tunakula, na tunakula vizuri. Isipolia, ni maji, au chai isiyo na sukari. Wanangu walinicheka, wakaniita Madam hata nyumbani. Baada ya mwezi walikuwa wananikumbusha wao.

Maandazi sikuyaacha, nisingeweza, malimbikizo ya mshahara hayakulipwa hadi leo. Nilibadilisha njia ya yale mabovu. Naswaki kabla ya kuwasha jiko; mtu aliyetoka kuswaki hatamani andazi. Kuonja ni kipande, si zima. Yaliyopasuka na kuungua nayaweka kwenye kikapu cha pembeni, bodaboda wa kijiweni wanayachukua shilingi 50. Kumbe yalikuwa yanauzika siku zote! Nilikuwa nakula sehemu ya faida yangu na kuiita hasara.

Sukari ya chai niliishusha kijiko kimoja kila mwezi, maana nilijaribu kuacha ghafla nikarudi kwa hasira siku ya pili. Ugali nikaupunguza ukawa wa ukubwa wa ngumi yangu, sahani nusu ikawa mboga: majani ya maboga, mnafu, chainizi. Hapa kwetu hatuna kisingizio cha mboga, wakati ule fungu la shilingi 200 lilikuwa linalisha watu wanne. Mafuta nikaanza kupima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Na mlima nikaurudia, wiki ya kwanza nikipanda nusu na kumalizia kwa boda, wiki ya tatu nikipanda wote na kusimama mara moja. Jumapili moja tulijaribu kupanda mlima Loleza, walimu watatu. Tulifika kama theluthi, tukakaa, tukala parachichi, tukashuka. Hakuna aliyemwambia mtu.

Kilo 3 kwa miezi mitano. Hiyo ndiyo kasi yangu, Desemba nilikuwa 75, na nusu ya walimu hawakuona tofauti. Ningeachia hapo kama si mwanzo wa 2021. Watakaokumbuka watakumbuka: kila wiki tangazo la msiba, na kila msiba "changamoto ya upumuaji". Nilizika watu wawili ninaowafahamu, mmoja alikuwa na presha na mwili mkubwa kuliko wangu kidogo tu. Tulikuwa tumeshasikia kwamba ugonjwa ule unawaonea zaidi wenye presha, kisukari na uzito mkubwa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pale msibani, sahani ya pilau imewekwa mapajani kwangu, nikaitazama muda mrefu. Nilikula nusu. Chanjo ilipoanza kutolewa nchini mwishoni mwa Julai 2021, walipokuwa wananiuliza maswali ya afya kabla ya kunichoma, kwenye presha nilisema ninayo ila imeshuka. Ilikuwa 132 kwa 84, bila vidonge, na mizani ya Mwanjelwa ilisema 72.

Nimebaki hapohapo, 71, 72, ikifika Krismasi 73. Kwa hesabu ya ile 2.56 bado nimezidi. Daktari anasema tuendelee, na presha napima kila mwezi kwenye duka la dawa, shilingi 1,000. Mwanangu mdogo, ambaye naye alivimba mashavu mwaka ule, sikumfanyia lolote zaidi ya kumrudisha kulala saa tatu na kumnunulia kamba ya kuruka. Kwa watoto sikutaka maneno ya mizani nyumbani.

Sketi ya bluu nilipeleka kwa fundi akaweka zipu mpya, 2,500. Niliivaa nilipokwenda Tukuyu kumsalimia mama. Alikuwa anatoka kuchuma, tenga liko mgongoni. Akalitua, akanishika mikono yote miwili, akanizungusha kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Mwanangu," akasema, "umekonda. Kuna shida gani huko nyumbani?"

Nikamwambia hakuna shida, mama, ni daktari. Akamwangalia mume wangu, ambaye alijikuta ana kazi ya haraka kwenye gari. Hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata kondakta wa basi la Tukuyu alinipigia simu nije kuchukua mzigo: mikungu miwili ya ndizi, lita 3 za maziwa, na kilo 2 za unga wa ngano.